Marseille kwa Saa Tano: Meli Ikifunga Gati Asubuhi na Kuondoka Jioni

Ratiba ya meli ya kitalii ikiandika "Marseille 08:00–18:00", abiria wengi hupiga hesabu ya saa kumi za kutembea. Saa hizo hazipo. Meli ikifunga gati saa mbili asubuhi, ngazi haifunguliwi papo hapo; wakaguzi wa bandari humaliza kwanza mambo yao, na hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Kisha kuna foleni ya lifti, foleni ya kadi na foleni ya basi. Jioni, kila abiria hutakiwa awe ndani nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kung'oa. Kwenda mjini na kurudi kunakula saa moja na nusu, pengine mbili. Weka na akiba ya saa moja kwa ajili ya dharura, unabaki na saa tano na ushee. Siku nzuri Marseille ni ile iliyopangwa kwa saa hizo tano.

Jambo la kwanza kujua ni meli yako inafunga wapi. Meli kubwa hufunga kwenye kituo cha Marseille Provence Cruise Terminal, gati la Léon Gourret, kaskazini mwa mji, karibu kilomita 8 kutoka Vieux-Port, ile bandari ya zamani ambayo ndiyo moyo wa mji. Meli ndogo za kifahari mara nyingine hupewa nafasi kwenye gati la J4 au Joliette, na hapo ukishuka tu umeshafika mjini. Tofauti hiyo ina thamani ya saa moja na nusu, kwa hiyo uliza mapokezi ya meli usiku wa kuamkia, si asubuhi wakati watu mia wanauliza swali hilohilo.

Kutoka Gourret kuna njia nne. Kampuni nyingi za meli huuza tiketi ya basi lao la kwenda na kurudi. Ni rahisi, lakini ukiwa na familia ya watu wanne bei yake inapita ya teksi. Teksi hupanga mstari nje ya jengo la abiria, huenda kwa mita, na hadi Vieux-Port nauli kwa kawaida huzidi yuro 20. Hakikisha mita imewashwa kabla gari halijaondoka. Kuna nyakati ambapo basi la bure hutolewa hadi eneo la Joliette, ila huduma hiyo hubadilika, hivyo iulize mezani ndani ya jengo la abiria. Njia ya nne ndiyo ya bei nafuu: utembee ndani ya eneo la bandari hadi lango namba 4, kama dakika 20 hadi 30 kwa mguu, ukifuata njia ya wapita kwa miguu, kisha upande basi la umma namba 35 kwenda Joliette. Nauli ni karibu yuro mbili, na unaweza kulipa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine. Usikate kona katikati ya makontena. Malori yanapita kwa kasi na walinzi watakurudisha.

Basi hilo 35 lina upande wa pili ambao abiria wa meli hawaujui, nami nitaurudia chini kwa sababu unaweza kuwaokoa wenye muda mfupi.

Ukishuka Joliette, usikimbilie metro. Tembea. Njia bora ya kuingia Marseille ni kwa mguu ukiifuata bahari, na haizidi dakika 20 hadi Vieux-Port kama husimami, ila utasimama. Upande mmoja wa Joliette lipo ghala refu la mawe linaloitwa Les Docks, lililojengwa miaka ya 1850 na 1860, lenye urefu wa mita 365, na leo limejaa ofisi na maduka. Nyuma yako, upande wa kaskazini, unaona mnara wa kioo wa mita 147 uliochorwa na Zaha Hadid. Hayo ni makao makuu ya CMA CGM, kampuni ambayo makontena yake yanaonekana Mombasa na Dar es Salaam. Kwenye jengo la maduka la Les Terrasses du Port pana vyoo na roshani ndefu inayotazama meli. Tumia vyoo hivyo. Mjini vyoo vya umma ni adimu, na mikahawa huruhusu wateja wake tu.

Endelea kusini, ulipite kanisa kuu la La Major lenye mistari ya mawe meupe na ya kijani, mpaka uwanja wa J4. Hapo lipo Mucem, jumba la makumbusho ya ustaarabu wa Bahari ya Kati lililofunguliwa mwaka 2013, kazi ya mbunifu Rudy Ricciotti, limefunikwa na wavu wa zege uliotobolewatobolewa. Jumba hufungwa Jumanne. Lakini huhitaji tiketi kufaidi sehemu tamu: kupanda hadi paa na kuvuka daraja jembamba la watembea kwa miguu kwenda ngome ya Fort Saint-Jean ni bure. Daraja hilo lina urefu wa mita 115, halina nguzo katikati, na upepo ukivuma unalisikia. Ngome ina bustani, mabenchi, kivuli, na mandhari ya mdomo wa bandari yote. Daraja la pili linakutoa ngomeni na kukushusha mlangoni mwa mtaa wa Le Panier, kando ya kanisa la Saint-Laurent. Ukienda hivi unapita juu kwa juu na kufika Le Panier bila kupanda ngazi zake. Wanaoanzia Vieux-Port huzipanda zote wakihema.

Jirani na Mucem kuna nakala ya pango la Cosquer, lenye michoro ya watu wa kale, ambalo mlango wake halisi uko mita 37 chini ya bahari. Ni onyesho zuri, ila tiketi zake zina saa maalumu. Kama hujakata kabla, achana nalo siku ya meli.

Le Panier ni mtaa mkongwe kuliko yote hapa, juu ya kilima ambacho Wagiriki kutoka Phocaea walikalia yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Watu hushangaa wakiona vichochoro vya kale juu ya kilima, halafu chini, kando ya maji, majengo ya zege ya miaka ya 1950. Sababu ni Februari 1943: baada ya polisi wa Ufaransa na majeshi ya Ujerumani kuwahamisha kwa nguvu watu kama 20,000, Wajerumani walililipua eneo lote la chini kwa baruti. Jumba la manispaa ni kati ya majengo machache yaliyoachwa, ndiyo maana limesimama pale kama mgeni kati ya majirani wapya. Ukijua hilo, mteremko wa dakika tano kutoka Le Panier hadi majini unasomeka vingine kabisa.

Ndani ya mtaa, pa kuingia ni La Vieille Charité. Ilijengwa kuanzia mwaka 1671 kwa mchoro wa Pierre Puget ili kuwafungia maskini na ombaomba wa mji. Leo ina makumbusho. Kuingia uani hakuna malipo: ghorofa tatu za matao ya mawe ya rangi ya waridi zinazunguka kanisa dogo la duara-yai. Dakika 20 zinatosha. Jumatatu makumbusho mengi ya manispaa hufungwa, na Jumapili maduka mengi vilevile. Meli haichagui siku, hivyo angalia kalenda mapema.

Sasa sabuni, maana kila abiria huondoka nayo na wengi huuziwa isiyo yenyewe. Sabuni ya Marseille ya asili haina harufu ya lavenda, wala ya limau, wala rangi ya zambarau. Ni mche mzito wa pembe nne, maarufu zaidi ule wa gramu 600, wa rangi ya kijani kibichi-kahawia ikiwa mafuta yake ni ya zeituni, au mweupe-maziwa ikiwa ni ya nazi na mawese. Ubavuni umepigwa muhuri "72% d'huile", yaani asilimia 72 mafuta, na pande zake zote zina maandishi yaliyozama. Geuza ukisome kiambato: unataka kuona "sodium olivate", "sodium cocoate" au "sodium palmate", maji, chumvi, soda, basi. Ukiona "parfum" au orodha ya mistari mitano, hiyo ni sabuni ya kawaida iliyovikwa jina. Ya kweli hupikwa kwenye sufuria kubwa kwa siku kadhaa, huoshwa kwa maji ya chumvi ili soda iliyobaki itoke, humwagwa, hukaushwa, ndipo hukatwa na kupigwa muhuri. Viwanda vinavyofuata njia hiyo vimebaki vichache mno. Vilivyo ndani ya mji ni pamoja na Fer à Cheval na Le Sérail. Uzuri wa mche ni kwamba si kimiminika, kwa hiyo hausumbui uwanja wa ndege.

Na sisi tumo katika sabuni hii. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walikuwa na nyumba zao Zanzibar, wakinunua ufuta na mbata kutoka mwambao wetu kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya mji huu. Duka likikueleza kwamba sabuni ya Marseille imekuwa ya zeituni tupu tangu enzi, tabasamu tu.

Vieux-Port penyewe, upande wa mashariki kwenye Quai de la Fraternité, wavuvi huuza samaki asubuhi hadi kama saa saba mchana. Meza ni chache, samaki wengine bado wanatapatapa, na bei huandikwa kwa kilo kwenye kibao. Juu ya uwanja huohuo kuna paa la chuma linalong'aa kama kioo, kazi ya Norman Foster. Tazama juu utajiona kichwa chini pamoja na mji mzima. Kivuko kidogo huvusha watu kutoka upande wa jumba la manispaa hadi upande wa pili. Safari haifiki mita 300, nayo inakupunguzia kuzunguka bandari yote kwa mguu.

Mchana ukifika utaona vibao vya bouillabaisse kila mahali. Ushauri wetu ni uiache. Supu hiyo ya samaki yenye zafarani, ikipikwa kwa mujibu wa mkataba ambao wapishi wa mji waliuandika mwaka 1980, inahitaji angalau aina nne za samaki kutoka orodha maalumu. Mchuzi huletwa kwanza na mkate wa kukaushwa na sosi ya kitunguu saumu na pilipili, kisha samaki huonyeshwa mzima na kukatwa mbele yako. Mlo huo unachukua saa mbili, mara nyingi huagizwa siku moja kabla, na bei kwa mtu mmoja huanzia karibu yuro 60 kwenda juu. Ile ya yuro 20 ufukweni ni supu ya samaki yenye jina la kukopa. Saa mbili katika saa tano ni nyingi mno. Kumbuka pia kwamba jikoni nyingi hupokea oda kati ya saa sita na saa nane mchana tu; ukifika saa tisa utapewa kahawa na pole.

Pa kula haraka na kwa raha ni Noailles, dakika tano kutoka Vieux-Port ukipanda barabara ya Canebière. Soko la Capucins limejaa viungo, zeituni, mikate ya Kiaarabu, mihogo, ndizi za kupika na bucha za halali. Chukua fedha taslimu ndogondogo. Simu weka mfuko wa mbele na begi kifuani. Wezi wa mfukoni hupenda msongamano wa hapo na wa metro. Mtaa wa Rue d'Aubagne unaopita humo ndipo majengo mawili mabovu yalipoanguka tarehe 5 Novemba 2018 na kuua watu wanane. Watu wa mtaa hawajasahau, hivyo usipige picha za kumbukumbu zao kana kwamba ni pambo.

Marseille ina Wakomoro makumi kwa maelfu, wengi wao wenye asili ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Sehemu ya historia hiyo ilianzia kwenye meli: kampuni ya Messageries Maritimes ilipeleka meli kutoka Marseille kupitia Suez hadi mwambao wa Afrika Mashariki na Madagaska, na Wakomoro walifanya kazi humo kama mabaharia, kisha wakabaki. Kingazija na Kiswahili ni ndugu, na baadhi ya wazee waliopitia Zanzibar wanakisema Kiswahili vizuri. Popote utakapoingia, anza na "bonjour" kabla ya swali lolote. Mfaransa anayeulizwa bei bila salamu hununa, na hapo mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa.

Kama una nguvu ya jambo moja kubwa zaidi, iwe Notre-Dame de la Garde, kanisa lililo juu ya kilima cha takriban mita 150, lililotabarukiwa mwaka 1864, lenye sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu, yenye urefu wa zaidi ya mita 11. Basi namba 60 hupanda kutoka Vieux-Port. Kwa mguu ni nusu saa au zaidi ya mlima mkali, na jua la Julai halina huruma. Kuna pia treni ndogo ya matairi inayoanzia bandarini, ambayo mzunguko wake pamoja na kusimama juu huzidi kidogo saa moja. Inawafaa wazee na watoto, lakini foleni yake hukua kila meli mbili zinapofika siku moja. Ndani, angalia dari: vijimeli vya mbao vimening'inizwa na mabaharia kama shukrani za kuokoka. Nje, ukutani, yapo makovu ya risasi ya Agosti 1944, wakati kilima hiki kilipokombolewa na jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa Waaljeria. Mabega na magoti yafunikwe kidogo, ni nyumba ya ibada. Kutoka juu unaiona meli yako kule kaskazini, na umbali wake hukukumbusha saa.

Kisiwa cha If, chenye ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1524 na 1531, kiko kama dakika 20 kwa boti kutoka Vieux-Port. Chagua If au Notre-Dame, si vyote viwili. Shida ya If ni mistral, upepo baridi na mkavu unaoteremka bonde la mto Rhône, ambao huweza kuzidi kilomita 100 kwa saa huku anga ni safi kabisa. Ukivuma, boti hazitui If na safari hufutwa. Ukizidi sana, hata meli yako inaweza kushindwa kuingia bandarini, na nahodha akapita moja kwa moja. Ndiyo maana tiketi za kulipia kabla ambazo hazirudishwi fedha si za kukata kwa siku ya bandari.

Aix-en-Provence inawezekana. Basi la haraka huondoka kituo cha Saint-Charles mara kwa mara na kufika chini ya saa moja barabara ikiwa wazi. Lakini ukienda huko, Marseille huioni. Calanques, zile ghuba za miamba myeupe, ziache. Kiangazi njia zake hufungwa siku za hatari ya moto, ghuba ya Sugiton inahitaji nafasi iliyowekwa mapema msimu wa joto, na kutoka Gourret ni mji mzima wa kuvuka.

Nimeahidi upande wa pili wa basi 35. Kutoka lango namba 4, ukipanda linaloelekea kaskazini badala ya mjini, unafika L'Estaque, kijiji cha wavuvi ambacho wachoraji Cézanne na Braque walikichora. Kwenye vibanda vya ufukweni huuzwa panisse: unga wa dengu unapikwa na maji na chumvi mpaka uwe uji mzito, unaviringishwa kuwa mche mnene, unaachwa ugande, kisha unakatwa vipande vya duara na kukaangwa. Ni bajia iliyokwenda shule Ulaya, nje kavu, ndani laini, huuzwa kwa dazeni ndani ya karatasi. Meli ikichelewa kufika, au ukiwa na mtoto mdogo, au mji umezuiwa na mgomo wa usafiri, L'Estaque ni nusu siku ya kutosha kabisa.

Karatasi nazo. Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kabla ya kuiomba isome ratiba bandari kwa bandari. Barcelona, Marseille na Genoa zote zimo ndani ya eneo hilo. Meli ikipita Tunis au Uturuki umeshatoka, na kurudi kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Baadhi ya meli hushika pasipoti zenu. Shuka na nakala, kadi ya meli, na picha ya karatasi ya ratiba ya siku ya meli ambayo chini yake pameandikwa namba ya wakala wa bandari. Ukiachwa, huyo ndiye wa kumpigia kwanza, kwani ndiye huarifiwa pasipoti yako ikiachwa nchi kavu. Gharama ya kuifuata meli bandari inayofuata ni yako. Simu iweke hali ya ndege mpaka uguse ardhi, maana mtandao wa setilaiti wa meli hutoza bila huruma. Na saa: wakati mwingine saa ya meli na saa ya mji hutofautiana. Inayotawala ni ya meli.

Kanuni hii ya saa tano inafaa bandari nyingine za Ufaransa pia. Le Havre huuzwa kama "Paris", ilhali treni ni zaidi ya saa mbili kila upande. Honfleur, ng'ambo ya daraja la Normandie, inalipa zaidi. Villefranche meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti, hivyo ongeza foleni ya boti asubuhi na jioni.

Kurudi ndiko watu hukosea Marseille. Abiria wote hukumbuka meli saa ileile, na basi 35 kutoka Joliette hujaa mpaka mlango haufungi, barabara ya pwani nayo ikiwa imeziba kwa malori na wanaotoka kazini. Kama mwisho wa kupanda ni saa kumi na moja jioni, kibao kikisema 17:00, ondoka Vieux-Port saa tisa. Kwa mguu hadi Joliette dakika 20, kusubiri na kupanda basi dakika 40, kutoka lango namba 4 hadi ngazini nusu saa, na nusu saa ya usalama inabaki. Basi lisipotokea ndani ya dakika 15, usijadiliane na nafsi: ita teksi, na dereva mwambie "Porte 4, Gourret", kwa sababu ukisema "bandarini" tu anaweza kukupeleka kwenye feri za Corsica.